Fundi wa Vipimo: Mlinzi wa Tanuru Huko Kasese

Msafiri atokaye Fort Portal kwenda Kasese huwa na milima ya Ruwenzori mkono wake wa kulia karibu safari nzima. Kabla hajafika Kasese mjini hupita katika mji mdogo wa Hima, na hapo huiona minara ya kiwanda cha saruji. Aghalabu husema moyoni mwake, "Kumbe hapa ndipo saruji itokapo," kisha huendelea na safari. Saruji anaifahamu. Ndiyo iliyojenga nyumba za askari kambini, zahanati ya kijijini, madaraja na shule ya watoto wake. Asichokifahamu ni kwamba baina ya jiwe la chokaa lililolala ardhini na mfuko wa saruji uliofungwa vizuri, yuko mtu mmoja ambaye hachimbi, hasagi wala hapakii mifuko. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila geji kiwandani inasema kweli.

Mtu huyo ni fundi wa vipimo na mitambo ijiendeshayo. Wenzake humwita fundi wa geji. Kazi yake haina kelele, na akiifanya vizuri hakuna amwonaye. Lakini akiifanya vibaya usiku mmoja tu, huenda jina lake likajulikana kwa msiba.

WILAYA YA MADINI NA MITAMBO

Wilaya ya Kasese ina historia ndefu ya mitambo kuliko wilaya nyingi za Uganda. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa hadi Jinja ikayeyushwe huko. Kwa miaka zaidi ya ishirini Kilembe ulikuwa mji wenye hospitali, shule na mishahara. Uchimbaji ulipofifia na kukoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulibaki Kasese lundo kubwa la masalio ya mawe yaliyosagwa, lipatalo tani milioni moja. Masalio hayo yalikuwa na kobalti ndani yake, lakini pia yalikuwa yakitoa tindikali kila mvua iliponyesha, na maji yake yaliunguza majani yaliyokuwa njiani kuelekea bondeni.

Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kuyashughulikia masalio hayo, kikaendelea hadi lundo lilipokwisha, takriban miaka kumi na minne baadaye. Kiwanda cha saruji cha Hima nacho kilipitia mikono mingi. Kwanza kilikuwa mali ya umma pamoja na kile cha Tororo. Miaka ya 1990 kikauzwa kwa watu binafsi. Tangu 1999 kikawa chini ya kampuni ya Bamburi ya Kenya. Na mwaka 2024 kikanunuliwa na kampuni za Uganda, Sarrai Group na Rwimi Holdings. Wenye mali walibadilika na majina langoni yakabadilika. Lakini katika kila zama tanuru lilihitaji mtu wa kulipima joto, kwa kuwa moto haujui nani mwenye mali.

TANURU NA MACHO YAKE

Ili kuelewa kazi ya fundi huyu, yafaa kwanza kuelewa tanuru. Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo mpaka yawe unga. Unga huo hupitishwa katika mnara wenye moshi wa moto ili upashwe joto, kisha huingia katika tanuru, nalo ni bomba kubwa la chuma lililolazwa kwa mteremko mdogo, ambalo huzunguka polepole mchana na usiku. Ndani yake moto hufikia karibu digrii 2,000, na unga wenyewe lazima ufikie digrii 1,450 hivi ndipo ugeuke kuwa vidonge vigumu viitwavyo klinka. Klinka hupozwa, husagwa pamoja na jasi kidogo, ikawa saruji.

Joto likipungua, klinka haiivi, na saruji yake haishiki. Joto likizidi, matofali ya ndani yanayokinga chuma huungua na kuanguka, na baada ya hapo chuma chenyewe huwa chekundu na kupinda. Tanuru lililopinda husimamisha kiwanda kwa siku nyingi, na hizo ni siku za mishahara na faida.

Hakuna mwanadamu awezaye kuingiza mkono humo apime. Kwa hiyo fundi huweka macho na masikio mahali ambapo mtu hawezi kukaa. Vitu vinavyopimwa zaidi ni vinne: joto, shinikizo, mwendo wa kitu ndani ya bomba, na kina cha kitu ndani ya tangi. Kila kimoja kina kifaa chake, na kila kifaa kina waya uendao mpaka chumba cha uongozi wa mitambo. Humo huketi wasimamizi wachache mbele ya kompyuta, nao huliendesha tanuru wasiloliona. Huamini wanachoambiwa na waya.

Kifaa cha kupimia joto kali kinaitwa themokapo, nacho ni kitu cha kushangaza kwa wepesi wake. Mwaka 1821 mtaalamu wa Kijerumani, Thomas Johann Seebeck, aligundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti na kuupasha joto muungano wao, nguvu za umeme huzaliwa. Umeme huo ni mdogo mno. Kwa aina moja inayotumika sana viwandani, joto la digrii 1,000 hutoa milivolti 41 tu, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya thelathini ya nguvu ya betri ya tochi. Juu ya umeme huo mdogo wa nyaya mbili husimama usalama wa mtambo mzima.

LINDO LISILOJIBU

Hapa pana jambo ambalo kila askari atalielewa upesi kuliko raia. Habari kutoka kwenye kifaa hadi chumba cha uongozi hupelekwa kwa umeme uliopangwa kwa kiwango: kuanzia miliampea 4 hadi miliampea 20. Tuseme kifaa kimewekwa kupima kuanzia digrii sifuri hadi digrii 1,200. Joto likiwa sifuri, umeme huwa 4. Likiwa digrii 600, umeme huwa 12. Likiwa digrii 1,200, umeme huwa 20.

Msomaji atauliza: kwa nini kuanzia 4, si kuanzia sifuri? Jibu lake ni somo la ulinzi. Kama sifuri ya joto ingekuwa sifuri ya umeme, msimamizi asingeweza kutofautisha baina ya tangi tupu na waya uliokatika. Vyote viwili vingeonyesha sifuri. Lakini kwa mpango huu, kifaa kisicho na la kutaarifu bado hutuma miliampea 4, kama askari wa lindo anayeitwa kila saa naye akajibu, "Hakuna jambo." Umeme ukiwa sifuri kabisa, maana yake si kwamba hakuna jambo. Maana yake ni kwamba lindo halijibu.

Mkuu wa zamu mwenye akili hupambanua mambo hayo mawili. Kimya cha lindo hakimlazi usingizi. Fundi wa vipimo naye amefunzwa hivyo: kimya cha waya ni habari mbaya mpaka ithibitike vingine.

MAMA JIKONI NA NAHODHA BAHARINI

Kupima peke yake hakutoshi. Mtambo ujiendeshao hupima, ukalinganisha na kinachotakiwa, kisha ukafungua au kufunga vali, ukaongeza au kupunguza moto. Watu wengi hudhani kwamba haya ni maajabu ya kompyuta. La hasha. Kila mama wa Bwera asongaye bundu la muhogo juu ya mafiga anaifanya kazi hiyo hiyo.

Akiona moto umepungua kidogo, husukuma kuni kidogo. Ukipungua sana, husukuma nyingi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: marekebisho yalingane na kosa. Akiona maji yamekaa muda mrefu bila kuchemka, ingawa moto waonekana kutosha, huongeza kuni kidogo kidogo mpaka yachemke. Hiyo ndiyo kanuni ya pili: kosa dogo lililodumu lisisahauliwe. Na akiona povu linapanda kwa kasi, huvuta kuni kabla chungu hakijafurika. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu: tazama mwendo wa jambo, usingoje mwisho wake.

Mnamo 1922 mhandisi mmoja aliyezaliwa Urusi, Nicolas Minorsky, aliziandika kanuni hizo tatu kwa lugha ya hesabu alipokuwa akishughulikia usukani wa meli za kivita za Marekani. Aliwatazama mabaharia wazoefu, akaona kwamba mshika usukani hodari hageuzi meli kwa kutazama tu imepotoka kiasi gani, bali pia hutazama imepotoka kwa muda gani na inazidi kupotoka kwa kasi gani. Leo kanuni hizo ndizo zinazoendesha matanuru, mitambo ya kutengeneza sukari na vituo vya umeme duniani kote.

Hata hivyo mtambo hauna hekima ya mama. Ukiambiwa uongo na geji, utaufuata uongo huo kwa utii kamili. Hima, mathalani, maganda ya kahawa yamekuwa yakichomwa kama sehemu ya kuni za tanuru. Ni jambo jema, kwa kuwa takataka ya mkulima hugeuka nishati. Lakini ganda lililonyeshewa halitoi joto sawa na ganda kavu. Mama akishika kuni mbichi mkono wake humwambia. Mtambo hauna mkono. Unao waya tu, na huo waya uko mikononi mwa fundi.

WADUDU WALIOFANYA KAZI YA TANURU

Katika kiwanda cha kobalti cha Kasese kazi ya fundi wa vipimo ilikuwa ngeni zaidi. Masalio ya Kilembe hayakuyeyushwa kwa moto. Yaliwekwa katika matangi makubwa yenye maji, wakawekwa humo vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupata uhai wao kwa kula chuma na kiberiti kilichomo katika mawe hayo. Vilipokuwa vikila, kobalti ilifunguka ikaingia majini, kisha ikasafishwa na kutolewa kwa nguvu ya umeme. Kiwanda kilikuwa na kituo chake cha umeme wa maji kwenye mto Mubuku, cha megawati zipatazo kumi.

Vijidudu hivyo vilifanya kazi vizuri kwenye joto la digrii 42 hivi, ndani ya tindikali kali, huku vikipulizwa hewa wakati wote. Na kula kwenyewe kulizaa joto. Kama maji ya kupoza yasingepita, joto lingepanda, vijidudu vingekufa, na ingehitajika kungoja mpaka vingine vizaliane. Basi fundi wa Kasese alikuwa kama mfugaji. Alichunga kundi lisiloonekana, na fimbo yake ilikuwa geji ya joto, geji ya hewa na kipimo cha tindikali. Lundo lilipokwisha na kiwanda kufungwa, fundi mwenye ujuzi huo hakuwa amefungwa pamoja nacho. Mizani ya tindikali na joto hutakiwa pia katika viwanda vya sukari, vya maziwa, vya bia na vya dawa. Ujuzi wa namna hiyo hauishi pamoja na lundo.

MIZANI YA BWERA

Bwera ni mji ulioko karibu na mpaka wa Kongo, jirani na Mpondwe na mto Lhubiriha. Huko hakuna matanuru. Kuna kahawa, pamba, muhogo, ndizi, samaki na soko linalojaa watu wa pande mbili za mpaka. Lakini mkulima wa Bwera anaijua vema hofu ya fundi wa vipimo, kwa maana ni hofu yake mwenyewe kila aletapo gunia lake la kahawa kwa mnunuzi: je, mizani hii inasema kweli?

Mizani ikidanganya kilo mbili kwa kila gunia, mkulima wa magunia ishirini hupoteza kilo arobaini, nazo ni karo ya mtoto. Ndiyo sababu Uganda ina Shirika la Viwango la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya 1983, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kukagua mizani za biashara na kuzitia muhuri. Mnunuzi asiye na muhuri kwenye mizani yake yafaa aulizwe.

Kiwandani kazi hiyo ya kukagua geji hufanywa na fundi mwenyewe kwa kalenda. Huichomoa geji mahali pake, huilinganisha na kifaa kingine kinachoaminika zaidi, huirekebisha, kisha huandika tarehe, kosa alilolikuta, na sahihi yake. Ni kama askari apelekaye bunduki yake uwanja wa shabaha kuihakiki. Bunduki yaweza kuwa safi, iking'aa kwa mafuta, na bado ikapiga kando. Usafi si ukweli. Ukweli hujulikana kwa kulinganisha.

Tena kulinganisha kuna mitego yake. Watu wengi walifundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Hiyo ni kweli pwani. Mji wa Kasese uko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwa digrii 97 hivi. Juu kabisa ya Ruwenzori, katika kilele cha Margherita chenye mita 5,109, maji huchemka kwa digrii zipatazo 83 tu. Ndiyo maana maharagwe ya kambi ya mlimani hukataa kuiva. Fundi atakayeitia geji yake katika maji yachemkayo Kasese na kuisukuma isome 100, ameiharibu geji nzima kwa mkono wake mwenyewe huku akidhani ameitengeneza.

USIKU WA KENGELE

Tumfikirie sasa kijana mmoja, mfano wa wengi. Amezaliwa Bwera. Baba yake ni polisi aliyelinda mpaka kwa miaka mingi, mama yake ana kibanda sokoni. Baba alitaka mwanawe avae sare kama yeye. Kijana akachagua ufundi, na mzee hakufurahi sana. "Kazi gani hiyo ya kutazama saa za ukutani?" aliuliza.

Ni saa nane ya usiku, katika kiwanda kimoja kisicho na haja ya kutajwa. Lori la mafuta mazito linamimina mzigo wake katika tangi. Geji ya tangi inasema tangi limefika nusu. Lakini kengele ya hatari, ambayo imewekwa peke yake juu ya tangi, inalia. Inazimwa, inalia tena. Wiki hiyo imekwisha kulia mara tatu bila sababu, na watu wameichoka.

"Kijana," asema mkuu wa zamu, "hiyo kengele ifunge waya inyamaze. Tutaitazama asubuhi."

"Mzee, nakuomba dakika ishirini. Pampu isimame kwanza, nikapande nitazame."

"Geji si inasema nusu?"

"Ndiyo, mzee. Geji inasema nusu na kengele inasema tangi limejaa. Mmoja wao ni mwongo, na mimi sijajua ni yupi."

Mkuu wa zamu ananyamaza kidogo, kisha anaamuru pampu isimame. Kijana anavaa mkanda wa usalama, anachukua tochi isiyotoa cheche na fimbo ya kupimia, anapanda ngazi. Juu, fimbo haishuki hata urefu wa kiganja kabla haijagusa mafuta. Boya la geji limekwama kwa uchafu tangu tangi lilipokuwa nusu. Kwa dakika chache zaidi mafuta yangemwagika juu ya mabomba ya moto.

Kijana anashuka, anaandika katika daftari la zamu, anaweka kufuli na kibandiko chenye jina lake kwenye swichi ya pampu ili mtu asiiwashe wakati boya likitengenezwa. Asubuhi hapati nishani. Mtu wa stoo analalamika kwamba lori limecheleweshwa. Afikapo nyumbani likizo ya mwisho wa mwezi, mama anamwuliza habari za kazi. Anajibu, "Shwari, mama." Lakini usiku, akizungumza na baba yake uani, anamsimulia yote. Mzee anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Basi na wewe unalinda lindo." Hakusema zaidi.

MAHALI AMBAPO HAKUNA ALIYEPANDA NGAZI

Simulizi hilo ni mfano, lakini yafuatayo si mfano. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, huko Buncefield, Uingereza, tangi la petroli lilikuwa likijazwa. Geji yake ilikwama, ikaendelea kuonyesha kina kile kile huku petroli ikipanda. Swichi ya pili, iliyowekwa ili kukata mafuta tangi likijaa, haikufanya kazi. Petroli ikafurika, mvuke wake ukatanda kama ukungu, kisha ukalipuka. Watu zaidi ya arobaini waliumia. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili alfajiri na watu walikuwa wachache, hakuna aliyekufa.

Miezi michache kabla yake, tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, mambo hayakuwa na rehema hiyo. Mnara mrefu wa mita zipatazo hamsini ulikuwa ukijazwa. Kifaa cha kupimia kina kilionyesha kwamba mafuta yanapungua, kumbe yalikuwa yakipanda. Kengele ya pili haikulia. Kioo cha kutazamia kilikuwa kimechafuka hata hakionyeshi kitu. Mafuta yakatoka juu, yakashika moto, watu 15 wakafa na wapatao 180 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba kasoro za vifaa hivyo zilikuwa zikijulikana kabla ya siku hiyo. Zilikuwa zikingoja kutengenezwa.

Wale 15 hawakuuawa na teknolojia ngumu. Waliuawa na geji mbovu ambayo watu walizoea kuiona mbovu. Mazoea hayo yako kila mahali: katika gari la kambi ambalo geji yake ya mafuta imekufa siku nyingi, katika kizima moto ambacho hakijakaguliwa, katika kufuli la ghala la silaha lifungwalo nusu.

HEWA MBAYA NYUMBANI

Pana jambo moja katika kazi ya fundi huyu ambalo kila mama mwenye nyumba anapaswa kulijua. Katika mnara wa kiwanda cha saruji kuna kifaa kinachonusa moshi usiku na mchana kikitafuta hewa moja iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo huzaliwa moto unapokosa pumzi ya kutosha. Ikikusanyika kwenye mitambo ya kuchujia vumbi kwa umeme, cheche moja yatosha kuleta mlipuko. Kwa hiyo kifaa kikiinusa kupita kiasi, mtambo hujikata wenyewe.

Hewa hiyo hiyo hutoka katika jiko la makaa. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na usingizi mzito, na asipotolewa nje hufa akiwa amelala. Katika baridi ya chini ya Ruwenzori, na katika nyumba ndogo za kambini, wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani usiku ili watoto wapate joto, kisha wakafunga dirisha. Kiwandani pana kifaa cha kunusa, chumbani hakuna. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu. Mtu akikutwa amezimia katika chumba chenye jiko, afunguliwe milango, atolewe nje upesi, na apelekwe hospitali.

NJIA YA KUUFIKIA UFUNDI HUU

Kijana atakaye kazi hii, awe mvulana au msichana, ahitaji msingi wa hesabu na fizikia, kisha elimu ya umeme katika chuo cha ufundi, kisha miaka ya kujifunza kazini chini ya fundi mzoefu. Nguvu za mwili si sharti. Yatakiwa macho makini, mkono mtulivu na tabia ya kuandika.

Kwa watu wa magharibi ya Uganda jina la chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, haliwezi kutajwa bila kuinamisha kichwa. Tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF walikivamia, wakachoma mabweni, na wanafunzi wapatao themanini waliuawa. Walikuwa vijana waliokwenda kujifunza umeme, ujenzi na makanika. Chuo hicho hakikufutika, kiliendelea kufundisha. Kila fundi atokaye huko leo akashika bisibisi yake, anaendeleza kazi ambayo wale hawakupewa nafasi ya kuianza. Familia za askari na polisi, ambazo zinajua bei ya usalama wa milima hiyo, zitalielewa neno hili.

Hali kadhalika, askari anayekaribia kustaafu asidhani kwamba hana alijualo nje ya kambi. Aliyekuwa katika kikosi cha mawasiliano, aliyetengeneza redio, aliyeshughulikia jenereta, tayari amezoea nusu ya kazi hii. Na nusu ya pili, yaani nidhamu ya zamu, kuandika kila tukio, kutokubali neno bila kulihakikisha, amefunzwa tangu siku ya kwanza ya kuvaa sare.

Kazi yenyewe si nyepesi kwa familia. Zamu za usiku huvunja usingizi, simu huita siku ya sikukuu, na vumbi hufika mpaka kwenye chai. Mke wa fundi, au mume wake, hujifunza kunyamazisha nyumba mchana ili mwenziwe alale. Wenye kumpa fundi usingizi wa mchana nao wana sehemu yao katika usalama wa kiwanda, kwa kuwa jicho lililochoka husoma 8 mahali palipoandikwa 3.

Msafiri wetu wa Fort Portal atapita tena Hima siku nyingine, labda usiku, na ataziona taa za mnara. Tanuru litakuwa likizunguka. Mahali fulani ndani ya kelele ile, waya mwembamba utakuwa ukituma habari zake kila dakika: hakuna jambo, hakuna jambo, hakuna jambo. Na karibu nao atakuwapo mtu aliyeizoea sauti hiyo kiasi kwamba, siku itakaponyamaza, atakuwa wa kwanza kuinuka.